Taa ya injini imewaka: kutafuta kosa la sensa kwa kufuata dalili

Malalamiko yanayofika kwenye gereji za Ndeeba, Katwe na mitaa mingine ya Kampala yanafanana: gari linakula mafuta, linazima njiani, halipandi mlima, taa ya injini haizimiki. Na mara nyingi gari likifika kwa fundi wa pili au wa tatu, limeshabadilishwa sensa kadhaa (vifaa vidogo vinavyoipimia kompyuta ya injini joto, hewa na mzunguko) ambazo hazikuwa na tatizo. Kosa huanzia kwenye kusoma namba za makosa. Namba inayotokea kwenye mashine ya kusomea gari hutaja kipimo au njia ya umeme ambayo kompyuta ya injini haikuridhika nayo. Haisemi kuwa sensa imekufa. P0171 husema hewa imezidi petroli kwenye mchanganyiko. Sensa ya oksijeni iliyopeleka habari hiyo huenda ndiyo kitu kizima kuliko vyote chini ya boneti. Ukiing'oa, umemfukuza shahidi na mwizi bado yumo ndani.

Maelezo haya ni ya injini za petroli, hasa Toyota na Subaru za mitumba kutoka Japani, ambazo zimejaa barabara za Uganda. Kwa dizeli za kisasa zenye reli moja ya kulisha injekta zote, simama mapema. Presha ndani ya mabomba yake huzidi bar 1,000, na mafuta yanayofyatuka kwenye nati iliyolegezwa yanaweza kupenya ngozi. Aliyepigwa na mafuta hayo apelekwe hospitali saa ileile hata kama jeraha halionekani.

Anza na betri, arthi na volti 5

Multimita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida inatosha. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Kisha pima arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma tupu cha injini, injini ikiwa inaunguruma na taa kubwa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, waya wa arthi una kutu au umelegea, na vipimo vyote vinavyotegemea arthi hiyo vitapotoka.

Zikitokea namba nyingi kwa mpigo, za sensa tatu au nne zisizohusiana, usinunue hata moja. Kompyuta hugawa volti 5 kwa sensa kadhaa kupitia njia moja, na sensa moja ikipiga shoti huvuta zote chini. Washa swichi bila kuwasha injini, pima volti 5 kwenye soketi ya sensa mojawapo, kisha chomoa sensa nyingine moja baada ya moja. Ile ambayo ukiichomoa volti 5 zinarudi ndiyo yenye shoti. Ukizichomoa zote na volti hazirudi, tafuta waya uliochubuka au ulioguguniwa na panya kabla ya kuilaumu kompyuta.

Usitumie taa ya balbu ya kupimia kwenye nyaya za kompyuta. Inavuta mkondo mkubwa na huunguza vijia vya ndani. Nyaya zenye soketi za njano ni za mifuko ya hewa, usizipime kabisa. Za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi zina umeme wa kuua. Na bodi ikipelekwa kuchomelewa, chomoa betri na soketi za kompyuta kwanza.

Mashine haisomi gari?

Kidude cha bei nafuu cha bluetooth hugoma kwenye Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hasa za kabla ya katikati ya miaka ya 2000, hata kama soketi ya kuchomekea mashine ina matundu 16. Lugha yake ni nyingine. Kwa magari hayo taa yenyewe husema: zima injini, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu mipepeso. Tundu la 16, la mwisho kulia safu ya chini, lina umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka. Kwenye zile za zamani kama Corolla ya Kikumi, kuna kiboksi chini ya boneti, na hapo unaunganisha TE1 na E1.

Taa ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, kisha mbili tena, hiyo ni 22: joto la maji. Nyingine zinazoonekana sana ni 12 na 13 (mzunguko wa injini), 21 (sensa ya oksijeni), 24 (joto la hewa), 25 (hewa nyingi), 31 (kipimo cha hewa au vakyumu), 41 (throto, mlango wa hewa ya injini), 42 (spidi) na 52 (kugonga kwa injini).

"Gari linakula mafuta, moshi ni mweusi"

Hili ndilo lalamiko kuu, na chanzo chake cha kwanza hapa kwetu mara nyingi hata si sensa.

Themostati iliyoondolewa. Imekuwa desturi kuing'oa injini inapochemka mara moja, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na haihitajiki. Kazi ya themostati ni kushikilia maji kwenye injini mpaka yafike takriban nyuzi 80, na bila hiyo gari linalokwenda kasi kwenye barabara ya Masaka hupoa hadi nyuzi 60 na kitu. Kompyuta ikisoma hivyo huamini injini bado ni baridi, nayo huongeza petroli kama inavyofanya asubuhi, safari nzima. Hakuna sensa mpya itakayoponya hilo. Rudisha themostati yenye nyuzi zilizoandikwa kwa injini hiyo, weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) badala ya maji ya bomba, na toa hewa kwenye mfumo. Kama gari linachemka likiwa na themostati nzima, shida iko kwenye redieta, feni, mfuniko au gasketi ya silinda hedi.

Sensa ya joto la maji. Inayopeleka habari kwa kompyuta mara nyingi si ile inayoendesha mshale kwenye dashibodi, kwa hiyo mshale unaweza kukaa vizuri huku kompyuta ikidanganywa. Ukaguzi mzuri kuliko wote ni wa alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha: washa swichi bila kuwasha injini, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanapaswa kulingana. Kampala asubuhi yote mawili yawe karibu na nyuzi 20. Yakipishana kwa zaidi ya nyuzi 5 au 6, mojawapo inadanganya.

Kisha tenganisha sensa na waya wake. Chomoa soketi: mashine isome nyuzi 40 chini ya sifuri. Unganisha matundu mawili ya soketi kwa waya mfupi: namba iruke juu ya 120. Ikifanya hivyo, nyaya na kompyuta ni wazima, kosa liko kwenye sensa. Isipofanya hivyo, sensa iache ilipo na ufuate waya. Baadhi ya magari huficha hali hii kwa kuweka joto la kubuni, kwa hiyo pima pia sensa yenyewe: kwenye Toyota nyingi ukinzani wake wa umeme ni omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Ukiibadilisha, ngoja injini ipoe kabisa. Maji ya redieta yenye presha yanababua uso.

Kipimo cha hewa. Injini za Toyota kama 1NZ na 1ZZ zina waya mwembamba wa moto kwenye bomba la hewa. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta huhesabu gramu za hewa kwa kiasi cha umeme unaohitajika kuupasha tena. Vumbi la barabara za murram likipita eya klina iliyopasuka au isiyokaa vizuri, huganda kwenye waya huo na kipimo hupotoka. Injini nzima ya lita 1.5 hadi 1.8, ikiwa moto, imesimama na ac imezimwa, husoma karibu gramu 2 hadi 3 kwa sekunde.

Kuusafisha ni kazi ya dakika chache, lakini ina masharti. Tumia dawa ya kupuliza ya sensa ya hewa, si dawa ya kabureta. Puliza mara kumi hivi bila kugusa waya kwa kidole, pamba wala brashi. Usipulize kwa kompresa, maana waya utakatika. Acha ukauke dakika 15 kabla ya kurudisha. Na eya klina usiipake oili.

Corolla ya Kikumi na injini nyingi za 3S hazina waya huo. Zina sensa ya vakyumu yenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na mpira ukipasuka au kuchomoka, kompyuta hudhani injini imebeba mzigo mzito na kumwaga petroli. Kagua mpira kwanza. Halafu washa swichi bila kuwasha injini: sensa lazima isome shinikizo la hewa ya mahali ulipo. Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya bahari, tarajia kilopaskali 88 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, ni 80 hivi. Ile 101 inayoandikwa kwenye vitabu ni ya Mombasa, na mafundi wameshatupa sensa nzima kwa kutojua hilo. Injini ikiwaka na kutulia, namba ishuke hadi kati ya 30 na 40.

Sensa ya oksijeni iliyozeeka. Ile ya mbele, aina ya zamani, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,500 injini ikiwa moto, ibadilike mara 8 au zaidi kwa sekunde 10. Ikikaa palepale juu, usiihukumu bado. Fungua tundu dogo la hewa kwenye manifoldi kwa sekunde chache: volti ikishuka mara moja, sensa inaona vizuri na petroli kweli imezidi. Aina mpya ya Toyota, inayopima uwiano wa hewa na petroli, hukaa karibu na volti 3.3 na huenda kinyume: hewa ikizidi, volti hupanda. Wengi huifananisha na ile ya zamani na kuihukumu imekufa.

Sababu za mwisho ni injekta inayovuja na regyuleta ya presha ya petroli. Chomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta. Ukiwa na petroli ndani, kiwambo chake kimepasuka. Zima injini papo hapo, hakuna kuvuta sigara karibu, na usiliendeshe gari hilo mpaka litengenezwe.

"Linazima likipata moto, likipoa linawaka"

Dereva husema lilizima kwenye foleni ya Northern Bypass, akakaa nusu saa, likawaka kama halikuwa na tatizo. Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Aina ya nyaya mbili ni koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku. Joto linapopanda, waya uliokatika ndani hutanuka na kuachana; ukipoa hushikana tena. Bila ishara ya krenki kompyuta haijui pistoni ziko wapi, hivyo hakuna cheche wala petroli.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Katika Toyota nyingi pampu ya petroli hupewa umeme pale tu kompyuta inapoona krenki inazunguka. Fundi akisikiliza tangi na kukuta kimya, hubadilisha pampu. Gari linawaka, kwa kuwa kazi ile imeipa sensa muda wa kupoa, na siku ya pili linazima palepale.

Kwa hiyo usiliache lipoe kabla ya kulipima. Likiwa limegoma, fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Piga stata huku unatazama mshale wa RPM au namba ya RPM kwenye mashine. Ikikaa sifuri huku injini inazunguka, ishara ya krenki haifiki. Ikionyesha 150 hadi 300, krenki ni nzima na unatafuta kwingine.
2. Chomoa soketi ya sensa ya krenki, ambayo kwenye NZ, ZZ na AZ iko karibu na puli ya chini, na pima omu zake ingali moto. Nyingi huwa kati ya 1,000 na 2,000 hivi, na huongezeka kidogo sensa ikiwa moto. Multimita ikionyesha ukinzani usio na mwisho (OL), imekatika. Sensa ya nyaya tatu haipimwi omu. Hiyo pima umeme unaoingia na arthi yake.
3. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya sensa kwa dakika chache, mbali na mikanda na feni, kisha jaribu stata. Likiwaka, umeshapata jibu.
4. Sensa ikiwa sawa, ing'oe utazame ncha yake. Sumaku hukusanya unga wa chuma. Ifute, na ujiulize unga huo umetoka wapi.

Kama gari lilianza kugoma baada ya kubadilishiwa mkanda wa taimingi au sili ya krenki, fungua upya uangalie sahani yenye meno. Kwenye baadhi ya injini inaweza kurudishwa kinyume au ikapinda kidogo.

Sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) huja ya pili. Ikifa, injini nyingi huwaka lakini baada ya kuzungusha stata muda mrefu, nyingine hazizimiki njiani ila zikizimwa haziwaki. Baada yake, koili na igniter zinazolegea kwa joto, kisha relei ya pampu, na pampu yenyewe mwishoni.

Gari la otomatiki linalozima likitembea hupoteza msaada wa breki na usukani. Lisirudi kwenye barabara kuu, na lisibebe abiria, mpaka kosa lipatikane. Hili si jambo la kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi.

"Linatetemeka likisimama, RPM inapanda na kushuka"

Hewa ya wizi, inayoingia pasipo njia yake, ndiyo inayoongoza: mpira mkubwa kati ya eya klina na throto uliopasuka kwenye mikunjo, mpira wa kupumulia injini, bomba la sevo ya breki, au gasketi ya manifoldi. Sikiliza mluzi. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye viungo, ukikwepa koili na soketi. RPM ikibadilika, umefika. Watu hutumia petroli au dawa ya kabureta kwa kazi hii. Ekzosi iko sentimita chache kutoka hapo, na gari huwaka moto. Usifanye.

Mwenye mashine ana njia bora. Tazama marekebisho ya muda mrefu ya petroli (LTFT), yaani kiasi ambacho kompyuta imeongeza au kupunguza petroli. Kati ya −10 na +10 kwa mia ni kawaida. Ikiwa ni +20 injini imesimama, kisha inashuka ukiishikilia kwenye RPM 2,500, hewa inavuja baada ya kipimo cha hewa. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, tazama kipimo cha hewa kilichochafuka, chujio la petroli au pampu dhaifu. Jambo hili moja linakuokoa kununua sensa ya oksijeni ambayo haina hatia.

Uvujaji ukikosekana, safisha throto. Betri ichomolewe kwanza: throto ya umeme ina mota yenye nguvu ya kubana kidole, na kuisukuma sahani yake kwa nguvu huharibu gia zake. Baada ya kurudisha, liache gari liungurume dakika kumi bila ac, kisha kumi na ac, lijifunze upya mahali pa kutulia.

"Lilikuwa zima mpaka lilipooshwa injini"

Woshing bei zetu hutumia presha kubwa, na maji hayatafuti ruhusa. Yakiingia kwenye mashimo ya plagi gari litamisi (silinda moja au zaidi haitawaka) na taa ya injini itapepesa. Taa inayopepesa injini ikiwaka ina maana petroli mbichi inaungulia kwenye katalisti, kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi: toa mguu, simama, zima. Kuendelea kilomita chache kunaweza kuiyeyusha.

Usipige stata mfululizo. Chomoa hasi ya betri, toa koili, puliza mashimo kwa hewa ya presha ndogo, kausha mipira yake, kisha fungua soketi za kipimo cha hewa, throto na kamshafti. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ndiyo inayofaa. Ukikuta ukijani wa kutu kwenye pini, usafishe wote. Gari lililopita mafuriko ya Bwaise na maji yakafika kwenye zulia linahitaji zaidi ya hapo: magari mengi yana kompyuta ndani, chini ya dashibodi. Usiwashe swichi. Chomoa betri na umwite fundi wa umeme wa magari.

Sensa ya oksijeni ikimwagiwa maji baridi ikiwa moto, kauri yake hupasuka. Injini ipoe kwanza, na kipimo cha hewa, koili, alteneta na boksi la fyuzi vifungwe plastiki.

"Halina nguvu, halipiti RPM 3,000"

Eya klina iliyojaa vumbi kwanza, kipimo cha hewa pili. Chomoa soketi ya kipimo hicho injini ikiwa imezimwa, kisha liendeshe kidogo: taa itawaka, lakini kama nguvu zimerudi, kompyuta imeacha kusikiliza habari mbovu na kutumia makadirio yake.

Kama pedali haijibu kabisa na gari linajikokota, ni hali ya kujilinda. Pedali na throto za umeme zina vipimo viwili kila moja, na vikipingana kompyuta hupunguza nguvu makusudi. Angalia soketi na nyaya tu. Usijaribu kuidanganya pedali kwa waya wa kuungia. Hapo unacheza na gari linaloweza kuongeza kasi lenyewe. Kwenye throto ya kamba, sensa yake ipimwe swichi ikiwa imewashwa: karibu volti 0.5 ikiwa imefungwa, ikipanda polepole bila kuruka hadi kati ya 3.5 na 4.5.

Sensa ya kugonga ikikatika, kompyuta huchelewesha cheche na nguvu hupungua, hasa mlimani. Boliti yake kwenye zile bapa ikazwe Nm (newtonmita) 20 tu, bila gundi wala washa. Lakini kama injini inagonga kweli, sensa inafanya kazi yake: tafuta petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, au injini inayochemka.

Na gari linalochoka likipanda kuelekea Kabale huenda halina kosa lolote. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda.

Mshale wa joto, feni na spidi

Feni inayozunguka muda wote tangu asubuhi mara nyingi ni sensa ya joto iliyokatika waya. Kompyuta huwasha feni kwa tahadhari. Usiichomoe feni. Mshale wa spidi ukilala na gia za otomatiki zikaanza kugonga, tazama sensa ya spidi kwenye gia na waya wake, ambao hupita mahali panya wanapopapenda.

Taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa. Zima injini hapohapo, pima oili kwa kijiti. Kama ipo na taa inarudi, lisiwashwe tena mpaka presha ipimwe kwa geji. Wapo wanaobadilisha swichi ya oili na kuendelea na safari, na wanafika bila injini.

Ukienda kununua

Nenda soko la vipuri la Kisekka na sensa ya zamani mkononi na usome namba yake. Kwa Toyota, 89465 mwanzoni ni sensa ya oksijeni ya kawaida, 89467 ni ya uwiano wa hewa. Zote mbili zinaweza kuwa na nyaya nne na kukaa kwenye tundu lilelile, lakini moja haifanyi kazi ya nyingine. Kwa krenki na kamshafti, ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani huwa salama kuliko mpya ya bei ya kutupa isiyo na namba. Sensa ya oksijeni ya mtumba siishauri; hujui imebakiza nini.

Sensa ya oksijeni ikaze Nm 44, soketi ya 22. Usiunganishe nyaya zake kwa lehemu wala usipake grisi kwenye soketi, kwa kuwa hupumua hewa ya nje kupitia waya wake. Na silikoni ya gasketi isiyoandikwa kuwa salama kwa sensa itaiua kwa mvuke wake ndani ya muda mfupi.

Ukimaliza, futa namba, endesha angalau mara mbili kuanzia injini ikiwa baridi, kisha soma tena vipimo, si taa peke yake. Namba ileile ikirudi baada ya waya, arthi, mipira na sensa yenyewe kupimwa, usinunue sensa ya pili. Hapo gari linahitaji mtu mwenye osiloskopu (mashine inayochora umeme kama mawimbi) na mchoro wa nyaya wa modeli hiyo hiyo, na umpe orodha ya vipimo ulivyoandika ili asianze upya.